Kifundo kigumu na unyayo unaouma: mwongozo kamili wa kuchua na kulegeza miguu nyumbani

Wengi wanaonifuata na miguu migumu hapa Mtwara huwa wameshachuliwa. Wamechuliwa na mke, na shangazi, na kijana wa jirani mwenye mikono mizito. Chupa mbili za mafuta zimekwisha, na bado wakishuka kitandani asubuhi wanatembea kama waliokanyaga mbigili. Chooni wakichuchumaa visigino vinanyanyuka. Kwenye tahiyatu kidole gumba kinakataa kukunjika.

Bibi mmoja wa Mikindani nilimuuliza, "Bibi, wanakuchua wapi?" Akanijibu, "Mwanangu, panapouma. Kwani kuna pengine?"

Kuna pengine, na hilo ndilo kosa la kwanza. Watu huchua panapouma, na pasipopona wanaongeza nguvu. Kumbe unyayo unaweza kuuma kwa sababu shavu la mguu limekakamaa, na kifundo kinaweza kuwa kigumu ndani ya kiungo chenyewe, mahali ambapo mafuta hayafiki hata umwage lita.

Kosa la pili ni kumaliza kuchua kisha mgonjwa akalala. Kiungo kilicholegezwa kisipotumiwa saa ileile, kesho kimerudi kulekule. La tatu ni kutopima: mtu anaishi na "naona afadhali kidogo" miezi miwili bila kujua kama kweli kuna kilichobadilika.

Mwongozo huu ni wa ugumu uliozoeleka: aliyeteguka miezi iliyopita, aliyetolewa hogo la plasta, anayeumwa kisigino asubuhi, aliyemaliza msimu wa kuokota korosho na vifundo havikubali tena mteremko wa Newala. Si wa jeraha la jana.

## Vya kuandaa

Kusanya vyote kwanza. Ukiinuka katikati kutafuta rula, mguu unapoa.

- Kitanda kigumu ambacho mguu unaweza kutokeza nje ya ukingo. Kitanda cha kamba hakifai: kinabonyea, na nguvu yako yote inaishia kwenye kamba.
- Beseni, maji ya moto, na kanga mbili kuukuu.
- Mafuta ya nazi au ya ufuta, kijiko kimoja cha chai. Kimoja tu.
- Rula ya shule au futi ya fundi cherehani.
- Daftari na kalamu.
- Kidaka kilichodondoka mnazini, cha ukubwa wa ngumi ya mtoto. Mpira wa tenisi nao unafaa, lakini kidaka ni bure.
- Mpira wa tyubu ya baiskeli, ule ule wa kufungia mizigo, urefu wa mita 1.5 hivi, na nguzo ya baraza au mnazi wa kuufungia.
- Mtu wa pili wa kuchua. Hatua ya 3 hadi ya 6, na kidole gumba kwenye ya 7, ni kazi yake.

Dawa za kuchua zinazowasha ngozi sizikatazi, ila zisikutane na maji ya moto wala kufungiwa kitambaa juu yake, zitaunguza. Mafuta ya ganda la korosho yasiguswe kabisa, hata aliyekushauri awe nani. Muulize mbanguaji yeyote yanavyobabua mikono.

## Nani asiguswe

Hapa soma polepole, kwa kuwa makosa ya sehemu hii hayarekebishiki.

Aliyeumia leo au jana. Ikiwa hawezi kupiga hatua nne, au ukibonyeza mfupa kwenye ukingo wa nyuma wa jicho la mguu, lile nundu la mfupa kando ya kifundo, anaruka kwa maumivu, anahitaji eksirei, si mikono yako. Nimeona vifundo vilivyovunjika kwenye bodaboda vikivutwa barazani eti virudi mahali pake. Mfupa wenye ufa unaweza kuachana kabisa namna hiyo.

Shavu la mguu mmoja limevimba, lina joto na linauma, hasa baada ya hogo, kujifungua, upasuaji, au safari ndefu ya basi. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Ukichua, bonge linaweza kung'oka likapanda hadi kwenye mapafu na kuua. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mwenye kisukari ambaye nyayo zimekufa ganzi. Hawezi kukwambia kama maji yanamuunguza. Mpime hivi: afumbe macho, umguse vidole vya mguu kimoja kimoja kwa ncha ya kidole chako, taratibu sana. Asipojua umegusa kipi, maji ya moto na kidaka havimhusu, na aende kliniki wakamkague miguu.

Kiungo kilichovimba ghafla, chekundu na cha moto, hasa kidole gumba. Inaweza kuwa gauti (jongo), inaweza kuwa usaha. Vyote viwili havichuliwi.

Miguu yote miwili imevimba na ukibonyeza panabaki shimo. Moyo, figo, au presha ya ujauzito vikaguliwe kwanza.

Matende. Kwetu pwani si ugonjwa mgeni. Mguu wa matende ukiwa na joto, homa na maumivu usiuguse. Ni kazi ya kituo cha afya. Homa ikitulia, huduma yake ni kuuosha kwa maji na sabuni, kuukausha hadi katikati ya vidole, kuuinua, na kuchezesha kifundo taratibu. Kukandamiza kwa nguvu hakumo.

Mwenye saratani, mwenye seli mundu na mwenye mifupa dhaifu, daktari aulizwe kwanza. Halafu tazama ngozi: funza, fangasi, magaga yaliyopasuka hadi damu. Ngozi itibiwe kabla ya kiungo. Nawe mchuaji kata kucha.

## Hatua ya 1: Pima kabla hujagusa

Mgonjwa asimame peku akiuelekea ukuta, mguu mmoja mbele. Apeleke goti mbele hadi liguse ukuta, kisigino kikiwa chini. Likigusa kirahisi, arudishe mguu nyuma kidogo na kujaribu tena, mpaka afike mahali ambapo goti linagusa kwa shida na kisigino bado hakijanyanyuka.

Pima kutoka ncha ya kidole gumba hadi ukutani. Andika. Rudia mguu wa pili.

Mtu mzima mwenye vifundo vizuri mara nyingi hufika sentimita 10 hivi, lakini usishindane na namba ya mtu mwingine. Linganisha miguu yake mwenyewe. Tofauti ikizidi sentimita 2, kuna kazi ya kufanya. Angalia pia asidanganye: wengi huupindisha unyayo ndani, goti likapita upande wa kidole gumba, ukadhani amefika. Goti lielekee kidole cha pili.

Sasa muulize swali lenye thamani kuliko rula: pale mwisho, panakaza wapi?

Akijibu nyuma, kwenye shavu au juu ya kisigino, ni msuli. Hatua ya 3 ndiyo dawa yake kubwa.

Akijibu mbele, kwenye mkunjo wa kifundo, kama kuna kitu kinabanwa, ni kiungo. Hatua ya 4 na ya 5 ndizo zake. Hawa ndio wanaoteseka bure: wanachuliwa shavu na kunyooshwa mwaka mzima, na tatizo lao liko upande wa pili.

Akijibu kwamba hapakazi popote, panagonga tu kama mlango uliofika kwenye fremu, huenda mfupa umefika kwenye mfupa. Huyo nitamrudia mwishoni.

Kwa anayeumwa unyayo, bonyeza chini ya kisigino, upande wa ndani, pale kisigino kinapoishia kuelekea katikati ya unyayo. Ikiwa ndipo penyewe, na hatua za kwanza za asubuhi ndizo mbaya kuliko zote, ni ule utando mgumu unaotoka kisigino hadi vidoleni. Afanyiwe hatua ya 3, kisha ya 7 na ya 8.

Andika pia tendo moja ambalo limemshinda. Kuchuchumaa. Tahiyatu. Kushuka kwenye boti pale Feri akitoka Msangamkuu. Sentimita ni zako mchuaji, tendo ni la mgonjwa.

## Hatua ya 2: Kanda

Loweka kanga kwenye maji ya moto, ikamue, jaribu kwa kiwiko chako, kisha zungushia shavu na kifundo kwa dakika 10. Ikipoa, badilisha.

Joto halilegezi kiungo kwa lenyewe. Kazi yake ni kumfanya mgonjwa akuachie mguu. Ngozi ikiwa ya uvuguvugu na mguu umekuwa mzito mkononi, kama mguu wa mtoto aliyelala, endelea.

## Hatua ya 3: Chua shavu la mguu

Alale kifudifudi, kanga iliyokunjwa chini ya kifundo. Paka mafuta yale machache. Yakizidi mikono inateleza juu ya ngozi na msuli hausikii kitu.

Anza na kiganja chote, kutoka juu ya kisigino hadi upana wa kiganja kimoja chini ya mkunjo wa goti. Nenda polepole, mara 10, daima kuelekea juu. Mkunjo wenyewe wa nyuma ya goti usiubonyeze. Mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu inapita pale karibu na ngozi.

Kisha tafuta kamba. Kwa vidole gumba viwili vilivyopandana pita katikati ya shavu, na kando zake zote mbili. Utakutana na mahali pagumu kama fundo la wavu wa jarife. Bonyeza, tulia sekunde 30 hadi 60, huku yeye akichezesha mguu juu na chini taratibu. Usisugue. Msuli unaobonyezwa huku ukitembea unaachia haraka kuliko unaosuguliwa umelala.

Maumivu yawe ya namna gani? Mwambie ahesabu kutoka 0 hadi 10. Isizidi 5. Wazee wetu wengi wanaamini kuchua kusikotoa machozi si kuchua, na nimebishana nao sana. Ukweli ni kwamba akikaza meno, shavu nalo linakaza, na sasa unapigana na msuli uliokuja kujilinda dhidi yako.

Ukimaliza, kunja goti lake kwa kiasi cha pembe ya nyumba na urudie. Sababu: misuli ya pale ni miwili. Wa juu unavuka goti, wa ndani hauvuki. Goti likikunjwa, wa juu unalegea na mikono inaufikia wa ndani, ambao kwa wanaochuchumaa kutwa ndio mara nyingi mkaidi.

Mwisho, shika kano ya kisigino kati ya kidole gumba na cha shahada, iyumbishe kulia na kushoto kwa dakika moja. Pale inaposhika mfupa wa kisigino, ikiwa panauma, paache.

Umefaulu ikiwa shavu limelainika chini ya kiganja na ukipima tena ukutani umepata nusu sentimita hadi sentimita moja kwa yule anayekazwa nyuma. Kwa anayekazwa mbele usishangae namba isiposogea.

## Hatua ya 4: Vuta kifundo

Futa mafuta. Futa kabisa, kwa kanga kavu, mguu na mikono yako. Mkono unaoteleza kwenye kiungo unamfinya mgonjwa ngozi na kumtia woga.

Alale chali, kisigino kikitokeza nje ya kitanda. Kaa au simama mwisho wa kitanda. Shika mguu kwa mikono miwili: vidole vyako vipandane juu ya mguu, karibu sana na mkunjo wa kifundo, vidole gumba viwe unyayoni. Sasa egemea nyuma kwa uzito wa mwili, taratibu, ukiuvuta mguu kuelekea kwako. Hesabu hadi 10, achia polepole. Mara 5.

Nguvu inatoka kwenye kuegemea, si kwenye mabega. Ukianza kutetemeka mikono, umekosea.

Onyo: usikurupue. Ile "kwaa!" inayopigiwa makofi barazani si dalili ya mfupa kurudi, mara nyingi ni hewa ndani ya ute wa kiungo. Kukurupua bila mafunzo kunaweza kurarua kilichokuwa kimeanza kuunga.

Umefaulu ikiwa mgonjwa anasema anasikia kifundo "kinafunguka" au kinapumua, bila maumivu makali.

## Hatua ya 5: Sukuma talasi nyuma

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, nami ndiyo iliyonifanya nikae kuandika.

Kati ya macho mawili ya mguu, chini ya mfupa wa muundi, umekaa mfupa unaoitwa talasi. Una jambo la ajabu: hakuna msuli hata mmoja ulioshika juu yake. Kwa hiyo chua misuli unavyotaka, hakuna kinachouvuta. Unasogea tu kwa kusukumwa na mifupa jirani. Na ili goti liende mbele mtu anapochuchumaa au kushuka mlima, talasi lazima iteleze nyuma kidogo. Baada ya kuteguka au kukaa ndani ya hogo, kuteleza huko hupungua. Ndipo mgonjwa anasema panabanwa mbele.

Mgonjwa abaki chali. Muundi ulale kitandani, kisigino tu kiwe nje ya ukingo. Mkono mmoja uweke chini ya muundi, juu kidogo ya kifundo, uushikilie usisogee.

Kuipata talasi: tembeza kidole kutoka kwenye muundi kushuka mbele. Mfupa unaishia, kidole kinazama kidogo, halafu kinapanda juu ya mfupa mwingine. Huo wa pili ndio. Chezesha mguu juu na chini kidogo ujihakikishie. Muundi unatulia, talasi inatembea.

Weka ule mkunjo mpana kati ya kidole gumba na cha shahada juu ya talasi, kama unavyoshika shingo ya chupa. Nyoosha kiwiko. Sukuma moja kwa moja kuelekea sakafuni, achia, sukuma, achia. Msukumo mmoja kwa sekunde moja, sekunde 30 hadi 60. Pumzika, rudia mara 3.

Safari ya mfupa huo ni ya milimita tu. Usitafute kuuona, utausikia mkononi kama kubonyea kwa tairi iliyojaa upepo.

Makosa ninayoyaona ni mawili. Wengine wanasukuma juu sana, kwenye muundi, na hapo hakuna kinachoteleza. Wengine wanatumia ncha za vidole gumba, na baada ya wiki wanaumwa wao. Tumia mkunjo wa mkono na uzito wa bega.

Acha mara moja akisikia ganzi au umeme vidoleni.

Umefaulu ikiwa, akisimama ukutani papo hapo, ameongeza angalau nusu sentimita na lile banio la mbele limepungua. Kama hakuna badiliko hata kidogo, kabla ya kuongeza nguvu rudi utafute mfupa upya. Mara tisa kwa kumi mkono ulikuwa juu mno.

## Hatua ya 6: Kisigino na katikati ya mguu

Hii ni fupi. Shika kisigino kwa kiganja kizima, mkono mwingine ushike kifundo kisiyumbe, na uinamishe kisigino ndani na nje mara 20. Kiungo kilicho chini ya talasi ndicho kinachomwezesha mtu kutembea mchangani na kwenye mawe ya mwamba maji yakikupwa. Kikikaza, anatembea kama yuko juu ya mbao.

Kisha shika mifupa miwili jirani ya kitanga cha mguu, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule. Mmoja uinuke, mwingine ushuke. Fanya hivyo kwa kila jozi, mara 10. Raha yake ni kubwa. Wengi wanasinzia hapa.

## Hatua ya 7: Kidole gumba na unyayo

Shika kidole gumba karibu na shina lake, kivute kwa urefu wake kama unayetoa pete ya kubana, na ukiwa bado umekivuta kisukume juu na chini mara 20. Ndipo ukikunje kuelekea juu, polepole, hadi kikaze. Kaa sekunde 10, mara 5.

Sababu ya kuvuta kabla ya kukunja: ukikunja kiungo kilichobanwa, unaponda mifupa yake juu kwa juu. Ukivuta kwanza, unaipa nafasi.

Sasa unyayo. Mgonjwa akae, mguu unaouma juu ya goti la pili. Kwa mkono mmoja avute vidole vyote nyuma kuelekea muundi, mpaka utando wa unyayo usimame kama kamba. Kwa kidole gumba cha mkono mwingine apite juu ya kamba hiyo, kutoka mbele ya kisigino kwenda vidoleni. Avute sekunde 10, alegeze, mara 10. Afanye mara 3 kwa siku, na ya kwanza ifanyike kitandani kabla mguu haujagusa sakafu. Hilo la kitandani ndilo watu wanalisahau, na ndilo lenye kazi: utando umelala umefupika usiku kucha, na hatua ya kwanza inauvuta ghafla.

Kidaka ni cha jioni. Akiweke chini ya unyayo akiwa ameketi kwenye kiti, akibiringishe dakika 2. Asisimame juu yake, na asikandamize mahali pale panapouma chini ya kisigino.

Umefaulu ikiwa kidole kinakunjika zaidi bila kung'ang'ania, na kesho asubuhi zile hatua za kwanza zinauma kwa muda mfupi kuliko jana. Usitarajie zisiume kabisa. Kisigino cha namna hii kinadai miezi.

## Hatua ya 8: Utumie mguu hapohapo

Mgonjwa asilale. Ainuke ndani ya dakika 5.

Tyubu. Funga mpira kwenye nguzo chini karibu na ardhi, uwe kitanzi. Mgonjwa aingize mguu, aipe nguzo mgongo, na kitanzi kikae mbele ya kifundo, chini ya macho ya mguu, juu ya talasi ileile. Asogee mbele mpaka mpira ukaze na kuvuta kifundo nyuma. Kisha apeleke goti mbele, kisigino chini, arudi. Mara 10, apumzike, seti 3. Mpira ukipanda juu ya muundi hauna faida; aurudishe chini. Vidole vikibadilika rangi au kufa ganzi, autoe.

Kuchuchumaa. Ashike fremu ya mlango au nguzo, ashuke hadi pale visigino vinapotaka kunyanyuka, akae pumzi 5, apande. Mara 10. Mzee aweke kiti nyuma yake.

Kunyanyua visigino. Akunje kanga iwe nene kama mkate, aiweke chini ya vidole tu, asimame kwenye kizingiti kisigino kikining'inia. Apande kwa sekunde 3, atulie sekunde 2, ashuke kwa sekunde 3. Mara 12, siku moja afanye, siku moja apumzike. Aanze na miguu miwili, mmoja utafuata. Kwa wenye kisigino cha asubuhi zoezi hili lina nguvu kuliko mikono yangu, na nasema hivyo nikijua mikono ndiyo inayoniletea unga.

Kusimama mguu mmoja sekunde 30 kila anapopiga mswaki. Aliyeteguka mara tatu hatateguka ya nne kwa bahati mbaya tu. Mguu wake umesahau kujishika.

Pima tena ukutani. Andika namba ya pili kando ya ile ya kwanza.

## Ratiba

Mikono, hatua ya 2 hadi ya 7, mara 3 kwa wiki. Inachukua dakika 40 hivi ukishazoea. Tyubu, kuchuchumaa na kule kuvuta unyayo kwa hatua ya 7 kila siku. Visigino siku moja baada ya nyingine.

Asubuhi inayofuata ndiyo hakimu. Maumivu yaliyoongezeka jana usiku yakaisha asubuhi ni ya kawaida. Yakibaki hadi mchana, punguza nguvu nusu, si siku. Ukiona namba inapanda kila ukimaliza lakini kesho yake imeanguka yote, tatizo haliko mikononi mwako: mgonjwa hafanyi hatua ya 8.

Aliyetolewa hogo ajipe wiki 6 hadi 8. Bibi wa Mikindani alianza na sentimita 3 mguu wa kulia na 8 wa kushoto. Wiki mbili za kwanza alipata sentimita moja tu na kunitazama kwa jicho baya. Kufikia wiki ya sita alikuwa na 7, na tendo aliloandikisha, kuchuchumaa kwenye mbuzi akune nazi, alikuwa analifanya bila kuniambia.

## Pasipokwenda

Wiki 3 zikipita, hatua zote zimefanywa na namba haijasogea hata nusu, acha. Vivyo hivyo kwa maumivu yanayomwamsha usiku, uvimbe unaorudi kila siku, au asubuhi ngumu zaidi ya saa moja kwenye viungo vingi kwa pamoja. Mjini Mtwara kuna Hospitali ya Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Lindi kuna Sokoine, na walio barabara ya Mingoyo kwenda Masasi wako karibu na hospitali za Nyangao au Ndanda. Mgonjwa aombe mtaalamu wa fiziotherapia na abebe lile daftari. Namba za wiki tatu zitampa mtaalamu mwanzo mzuri kuliko "naumwa mguu".

Na yule ambaye kifundo kinagonga kama mlango kwenye fremu: usimsukume. Mfupa uliofika kwenye mfupa, kwa ajali ya zamani au kiungo kilicholika, haulegei kwa mkono wa mtu. Mpeleke kwa fundi viatu amwongezee kisigino cha sentimita moja kwenye makubazi, miguu yote miwili, na aache kandambili bapa. Goti litapata nafasi ya kwenda mbele bila kukidai kifundo kile ambacho hakina. Mfanyie hatua ya 3 na ya 6, umwekee kiti cha chini badala ya kuchuchumaa, na kwenye sala aketi kwa namna ambayo kifundo chake kinaweza.